Mwalimu Kioo Kati ya Paa na Upepo

Jumatatu hiyo ilikuwa mara ya saba. Mwenye yadi ya magari alimwona Mwalimu Kioo akivuka geti na faili lake kwapani, akaweka kikombe chake mezani kwa kishindo mpaka chai ikaruka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Leo unachukua lipi?"

"Leo nakagua."

"Si ulikagua Alhamisi?"

"Alhamisi barabara ilikuwa imelowa. Huwezi kuhukumu breki kwa barabara iliyolowa."

"Na Jumanne ile?"

"Jumanne palikuwa na foleni."

Mwenye yadi, ambaye mji mzima ulimwita Mama Yadi, alivuta pumzi akaishikilia kifuani. Mtu mwingine angekwisha kutolewa getini zamani. Lakini huyu alikuwa mwalimu wake wa udereva, aliyemzuia mara mbili kwenda kwenye mtihani wa leseni kwa sababu alikuwa akifunga breki bila kwanza kutazama nyuma. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita na bado alikuwa na kinyongo kidogo. Na katika miaka hiyo kumi na minne hakuwahi kugongwa kwa nyuma hata mara moja. Ndiyo maana alimpa shikamoo kila alipokuja, na ndiyo maana alikuwa karibu kupiga ukelele.

Magari yenyewe yalisimama mwisho wa yadi, chini ya kivuli cha bati, ubavu kwa ubavu. Yalikuwa mapacha: kiwanda kimoja, mwaka mmoja, injini ileile, milango miwili na viti viwili kila moja, yameinama chini kama paka wanaovizia. Moja lilikuwa la rangi ya majivu, na paa lake la chuma liliteremka kutoka kioo cha mbele mpaka buti bila kuvunjika popote, kama maji yanavyoteremka juu ya jiwe. La pili lilikuwa la kijani kilichokoza, na paa lake lilikuwa la turubai jeusi, la kukunjwa nyuma ya viti ukabaki wewe na mbingu. Tofauti ilikuwa hiyo tu. Lakini ilikuwa imemnyima Mwalimu Kioo usingizi, na mkewe amani, kwa wiki tatu kamili.

Watu hawajui kwamba anayefundisha udereva haendeshi gari. Wanamwona kila siku ndani ya gari, wanadhani ameshiba barabara. Mwalimu Kioo aliingia chuo cha udereva akiwa na miaka ishirini na sita, akapewa kiti cha pembeni na breki ya pili chini ya mguu wake, akakaa hapo miaka ishirini na tisa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, macho yake yalikuwa kwenye vioo, na mdomo wake ulisema maneno yaleyale yaliyompa jina: "Kioo, ishara, kioo tena, ndipo uende." Jioni gari la chuo lilifungiwa chuoni, naye alirudi nyumbani kwa miguu. Kila kona ya mji ule aliijua, lakini zote zilikatwa na mikono ya watu wengine, wengi wao wakitetemeka. Aliyajua mapishi ya barabara kama mtu anayeishi karibu na jiko la jirani: harufu yote ni yake, sahani si yake.

Alipostaafu, watoto wake watatu walikuwa wamekwisha kuhama na nyumba imekuwa pana. Mkewe, mkunga wa zahanati ya karibu, alimwambia, "Kiinua mgongo chako kinunulie kitu unachokitaka wewe, kabla hujaanza kukinunulia dawa." Alitarajia redio, au kiti cha kuegemea. Mwalimu alisema anataka gari la michezo, la watu wawili, la kuendesha tu. Si la kubeba mizigo wala abiria, la kuendesha. Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamtazama, akaona kwamba mwenzake hatanii, akapangusa macho. "Basi nunua," alisema.

Hakujua alichokianzisha.

Jumatatu hiyo walianza na la kijani. Sheria ya yadi ilikuwa kwamba mteja hatoki peke yake, kwa hiyo Mama Yadi mwenyewe aliambatana naye, kama mara zote sita zilizotangulia. Mwalimu alilizunguka gari, akapiga matairi kwa ncha ya kiatu, akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda.

"Mwalimu," Mama Yadi alisema akiwa bado amesimama nje.

"Naam."

"Umekaa upande wangu tena."

Mwalimu alitazama mbele yake. Hapakuwa na usukani. Alishuka bila neno, akazunguka, na hasira yake ikamshika kwenye masikio, kwa maana ilikuwa mara ya nne.

Walitoka. Alipofika getini alisema, "Kioo. Ishara. Kioo tena." Aliposhika barabara kuu alisema, "Gia ya pili, tunaachia klachi taratibu, hatukurupuki." Kwenye tuta alisema, "Tunapunguza kabla, si juu yake." Mama Yadi alikuwa akitazama nje, upepo ukimpiga shavuni, akijizuia. Kwenye mzunguko wa sokoni akashindwa.

"Mwalimu, leseni ninayo."

"Sisemi na wewe."

"Unasema na nani sasa?"

Alijaribu kunyamaza. Alinyamaza taa moja na nusu, kisha mdomo wake wenyewe ukasema, "Tunaangalia waenda kwa miguu." Alitamani kuufunga kwa kamba. Alikuja hapa kutafuta utamu wa kuendesha gari, ule aliousubiri tangu ujana, lakini kila alipokaa nyuma ya usukani na mtu akiwa pembeni yake, lilikuwa somo. Yeye alikuwa mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja, na mwanafunzi mwenyewe hakuwa na kipaji.

Waliporudi na kubadili, wakaenda na la majivu, mambo yakawa yaleyale, ila bila upepo. Mwishoni alisimama kivulini, akafungua faili, akajaza fomu.

Fomu hiyo ilikuwa ile ya mtihani wa udereva, aliyoijaza maisha yake yote: vipengele ishirini, alama tano kwa kila kimoja. Alikuwa amechukua nakala chuoni siku ya kuagwa, akaona hapana haja ya kubuni kitu kingine wakati kuna kipimo kinachoaminika. Gari la majivu lilikatwa alama kwenye kurudi nyuma, kwa sababu kioo chake cha nyuma kilikuwa chembamba kama jicho la mtu anayesinzia, na kwenye kuingia na kutoka, kwa sababu lilimgonga kichwa. La kijani lilikatwa kwa kelele za upepo, na kwa sababu kila lilipopita penye mashimo, kioo cha ndani kilitetemeka na sura za nyuma zikawa mbilimbili. Akajumlisha. Tisini na moja. Akajumlisha lile la pili. Tisini na moja.

"Sare," alisema.

"Mwalimu, nisikilize." Mama Yadi alisimama mbele yake kama mtu anayezuia ng'ombe. "Ijumaa asubuhi kuna mtu anatoka mbali kuja kuchukua mojawapo. Yeye hajali ni lipi. Litakalobaki nalipeleka kwa dada yangu, kule mji wa pili, maana hapa yameshanimalizia kivuli. Alhamisi jioni ndiyo mwisho. Nakuheshimu kama baba yangu, lakini Alhamisi jioni ndiyo mwisho."

Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu, faili kwapani. Alifahamu hesabu ya umri. Magari ya namna ile hayaji mjini kila mwezi, na magoti yake hayangekubali daima kushuka chini namna ile. Akikosa sasa, amekosa. Lakini pia aliogopa jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu: kwamba labda gari halina kosa lolote. Labda ni yeye, aliyekaa pembeni muda mrefu kiasi kwamba utamu wenyewe haumwingii tena.

Nyumbani alimkuta shemeji yake, mdogo wa mkunga, muuza matairi, amenyoosha miguu chini ya meza. Shemeji alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye magurudumu.

"Shemeji, bado hujaamua tu?"

"Bado."

"Si nilikwambia? Chukua la wazi. Gari la michezo lenye paa ni kama kuoga umevaa koti."

"Wiki iliyopita ulisema nichukue lenye paa."

"Wiki iliyopita nilikuwa sijafikiri."

"Ulisema la wazi limekatwa mgongo. Ulichukua sanduku la viatu hapa mezani, ukaling'oa kifuniko, ukaliminya mbele yangu likajikunja, ukasema, 'Shemeji, bodi bila paa ni hivi, ukikata kona linajipinda.' Nikakuelewa. Nikaenda nikaona kioo kinatetemeka kweli."

"Basi chukua lenye paa."

"Sasa hivi umesema la wazi!"

"Shemeji, wewe unaendesha kasi gani?"

"Inayoruhusiwa."

"Haya. Gari lenye paa uzuri wake unauona ukilikimbiza. Wewe hulikimbizi. Uimara huo utakufaa nini, kuendea sokoni? La wazi, hata ukienda kama jeneza, unapata upepo, unapata jua, unasikia ndege."

"Jua kwenye upara huu?"

"Vaa kofia."

"Upepo unaichukua."

"Basi pandisha turubai."

"Nikipandisha turubai nitakuwa nimenunua la wazi ili nilifunge?"

Shemeji alifikiri. "Hapo sasa," alisema, akajimiminia chai ya mwalimu.

Mkunga aliingia kutoka kazini, bado na sare yake, akawasikia kutoka mlangoni, akaegemea fremu ya mlango na kufumba macho. Kwa wiki tatu alikuwa ameamka na paa na kulala na upepo. Alikuwa ameulizwa maoni yake akiwa anakunja nguo, na akiwa bafuni na povu usoni.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema.

"Mama, mimi silimi," Mwalimu alisema. "Nataka jembe lenyewe."

"Nimezalisha watoto wasiohesabika. Waliotanguliza miguu, waliojifunga kitovu, mapacha walioshikana. Hakuna hata mmoja aliyekawia kutoka kama uamuzi wako. Nipe hilo faili."

Alikaa, akavaa miwani, akazisoma fomu zote kumi na nne, moja baada ya moja, kama anavyosoma kadi za wajawazito. Mwishoni mkunga aliishika fomu moja juu.

"Hii ya Alhamisi, lile la kijani. Kuegesha, tano. Kusimama ghafla, tano. Matumizi ya honi, tano." Alimtazama juu ya miwani. "Matumizi ya honi?"

"Ni kipengele cha kumi na saba."

"Na wapi unaandika kama ulifurahi?"

Mwalimu alikunja uso. "Hakuna kipengele hicho."

"Kwa hiyo ulikuwa unatahini. Umeyatahini magari mawili mazima, mara saba, na yote yamefaulu. Baba, gari lisilokosea si lazima liwe ndilo linalofurahisha. Ungekuwa unachagua mke kwa fomu hii ungeoa karani wa chuo."

Shemeji alicheka mpaka chai ikampalia. Mwalimu hakucheka. Alichukua fomu zake, akazipanga, akazipigapiga mezani zilingane. Akakaa akizitazama kwa muda mrefu, akiona vipengele ishirini alivyoviamini kama sala, na akaona kweli kwamba vyote vilitafuta makosa tu.

"Alhamisi," mkunga alisema, "naomba ruhusa kazini nusu siku. Naenda na wewe. Na hilo faili linabaki."

Alhamisi saa nane mchana Mama Yadi alipomwona mke amekuja, alishukuru kwa sauti. Alikubali mkunga akae kiti cha pembeni badala yake. Mke, alisema, ni dhamana tosha. Njia ilikuwa ileile: mtaa wa sokoni, mzunguko, taa tatu, kisha barabara ya kilima cha matangi ya maji yenye kona saba za kupanda na zilezile za kushuka.

Walianza na la majivu. Mkunga aliingia kwa hatua tatu na sala moja.

"Mbona tumekaa chini hivi? Naona magoti ya watu tu."

"Ni gari la michezo."

"Na joto hili?"

"Fungua dirisha. Kioo. Ishara. Kioo te—"

"Baba."

"Naam."

"Mimi si mwanafunzi wako."

"Najua."

"Basi usinifundishe."

Alijitahidi. Mtaani alisema mara mbili tu. Kwenye kona ya kwanza ya kilima alisema kwa mnong'ono. Kwenye ya nne kitu kilitokea: gari liliinama kidogo, likajishika, likageuka lote kwa mara moja, mbele na nyuma na kiti na mgongo wake, kama samaki anavyogeuka. Mwalimu alinyamaza katikati ya neno. Alisikia injini tu, sauti nene iliyojaa ndani ya paa kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Aligeuka kumtazama mkewe. "Umesikia hiyo?"

"Nimesikia kichefuchefu. Tazama mbele."

Basi kitu kile kikaondoka. Akawa anaendesha kwa ajili ya kichefuchefu cha mkewe, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

Kisha wakaenda na la kijani, na hapo mkunga akawa binti. Kabla hawajafika sokoni alikuwa amekaza kitambaa chake na kutoa kiwiko nje, uso ameuinua juani. "Hili sasa! Hili ni gari! Baba, unaona mawingu?"

Mwalimu hakuona mawingu. Mwalimu aliona wanafunzi. Ndani ya gari lisilo na paa, katika mji ambao nusu ya madereva wake wamepita mikononi mwako, hakuna pa kujificha. Kwenye taa ya kwanza dereva wa lori alichungulia kutoka juu, meno nje.

"Mwalimu Kioo! Kioo, ishara, kioo tena, au siyo?"

"Ndiyo. Na taa yako ya breki ya nyuma imekufa!"

"Nitaweka, mwalimu!"

"Utaweka lini? Umebeba matofali!"

Kwenye taa ya pili dereva wa teksi alitaka kujua kama ni kweli amestaafu, na Mwalimu alitaka kujua kwa nini amesimama juu ya mstari wa waenda kwa miguu. Kwenye ya tatu mama mwenye gari la kusambaza mikate alimweleza, huku taa ikiwaka kijani na honi zikilia nyuma, habari yote ya binamu yake aliyefeli kurudi nyuma kati ya nguzo. Askari wa barabarani, naye zao la chuo kilekile, alimpigia saluti badala ya kuongoza magari, na Mwalimu alimwonyesha kwa kidole makutano yaliyokuwa yanaziba. Walipofika kilimani alikuwa na jasho kama mtu aliyesahihisha darasa zima. Kwenye kona ya nne mkunga aliinua mikono yote miwili, akacheka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mtoto wao wa kwanza aanze kutembea.

"Ingiza mikono ndani, mama!"

Aliingiza, akiendelea kucheka. Mwalimu alimtazama kwa jicho la pembeni, na moyo wake ukalainika, na akaamua. Waliporudi yadi alizima injini, akamgeukia Mama Yadi aliyekuwa akiwasubiri na karatasi mkononi.

"Tunachukua hili."

"Alhamdu—" Mama Yadi alianza.

"Kwa nini?" mkunga aliuliza.

"Kwa sababu umefurahi."

Kicheko kilimtoka mkunga usoni kama taa inayozimwa. Alishuka, akafunga mlango, akazunguka mpaka upande wa usukani, akasimama juu yake.

"Nani kakuuliza kama mimi nimefurahi?"

"Mama, nimekuona. Ulikuwa—"

"Mimi nimefurahi, ndiyo, nimefurahi sana. Nikitaka kufurahi tena nitapanda bembea. Wewe ulifurahi?"

Mwalimu alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Ishirini na tisa!" alisema mkunga, na sauti yake ikapasuka katikati. "Miaka ishirini na tisa umekaa pembeni unawaangalia watu wakijifunza kuendesha. Unarudi nyumbani unaniambia, 'Leo fulani kashika usukani vizuri, leo fulani kapata leseni.' Sijakusikia siku moja ukiniambia wewe umefanya nini. Sasa umepata zamu yako moja, moja tu, na unataka kunipa mimi? Siitaki! Ukininunulia hilo gari nitakaa ndani yake nimenuna mpaka nife."

"Sasa nifanye nini?" Mwalimu naye alipandisha sauti, jambo ambalo Mama Yadi hakuwahi kulisikia, hata siku ile yeye mwenyewe, akiwa mwanafunzi, alipopanda na gari la chuo juu ya bustani ya posta. "Kila nikikaa hapa kuna mtu pembeni! Kama si yeye ni wewe, kama si wewe ni mji mzima unanichungulia! Na mdomo haunyamazi, na macho hayatulii. Sijui nimefurahi au sijafurahi, sijawahi kupata nafasi ya kujua!"

Mkunga alimtazama Mama Yadi. "Aende peke yake."

"Mama, sheria ya yadi—"

"Mimi nabaki hapa. Asiporudi, nichukue mimi."

"Nikufanyie nini wewe? Nikuandike bei nikuweke getini?" Mama Yadi alijishika kiuno. Alitazama saa, akatazama magari, akamtazama mwalimu wake aliyekaa pale na upara unaong'aa na aibu. "Dakika ishirini. Gari moja. Ishirini, mwalimu, nafunga saa kumi na moja."

Aliurudisha ufunguo wa la kijani ofisini, funguo mbili zikaning'inia kwenye misumari miwili. Mwalimu aliingia, akanyoosha mkono, na mkono haukusita. Alipotoka ndipo alipoona ameshika ule wa gari la majivu.

Aliingia upande wa usukani bila kukosea, akafunga mlango. Mji ukazimika. Hakuna lililobaki ila pumzi yake na saa ndogo ya dashibodi. Alitoka getini. Mtaani yule wa lori alipita upande wa pili, akapunga mkono, mdomo ukitembea, na hakuna neno lililoingia. Mwalimu alijibu kwa kuinua kidole kimoja, akapita. Kwenye mzunguko alianza, "Kioo," na neno likatoka, likatazama huku na huku, halikuona wa kumwambia, likarudi.

Kona ya kwanza aliipanda kama mgeni. Ya pili aliipunguzia gia, na injini ikajibu. Ya tatu alisikia barabara yenyewe, ikipita kwenye matairi, kwenye chuma kile kisichojipinda, ikaja mpaka viganjani mwake, kila kokoto na jina lake. Hakuwa anakwenda kasi. Shemeji angemcheka. Mshale ulikuwa kwenye sitini, na sitini ilitosha, ilijaa, ilifurika. Kwenye ya tano aligundua kwamba mguu wake haukuwa unatafuta breki ya mtu mwingine.

Alipofika kwenye matangi aligeuza, akashuka. Chini aligeuza tena, akapanda. Safari hii aliweka kiwiko dirishani na kushika usukani kwa mkono mmoja, kosa ambalo amewafelishia watu wazima wakalia. Akabadili gia mahali ambapo hakukuwa na haja, kwa ajili ya kusikia tu. Akashuka tena. Sauti moja ilimtoka, haikuwa wimbo wala kicheko, ilikuwa kama ile ya mtoto anayekula na kuguna. Aliisikia ikizunguka ndani ya paa na kumrudia, akashangaa ni ya nani.

Mama Yadi alikuwa amefunga ofisi na kuifungua tena. Walikuwa wamekunywa chai mara mbili, yeye na mkunga, kwenye benchi la getini, na maneno yao ya adabu yalikuwa yamewaishia.

"Ameiba gari langu."

"Hawezi. Angeomba ruhusa kwanza."

"Saa kumi na moja na robo, mama!"

Gari la majivu liliingia taratibu, likasimama mbele yao, na halikuzimwa mara moja. Mwalimu alishuka kwa shida, akashika paa kwa kiganja, kama mtu anayemshika farasi shingo.

"Ulikuwa wapi?" Mama Yadi aliuliza. "Nilisema dakika ishirini!"

"Kilimani."

"Muda wote huu? Umepanda mara ngapi?"

"Sikuhesabu," alisema Mwalimu.

Mkunga alikuwa akimtazama usoni, kichwa upande, kwa jicho lile la kazini linalojua kabla ya mama mwenyewe kujua.

"Hili," Mwalimu alisema. "Unajua, paa linaongeza uimara wa bodi, kwa hiyo kwenye kona uzito—"

"Nyamaza, baba. Usiliharibu."

Akanyamaza. Mama Yadi alikwenda kuleta karatasi, akinung'unika njia nzima kwamba angejua angemwacha aende peke yake tangu siku ya kwanza, na kivuli chake kingekuwa wazi leo. Mkunga alilitazama lile la kijani, turubai lake limekunjwa, jua la jioni limekaa viti vyote viwili.

"Lilikuwa zuri, lile," alisema.

"Lilikuwa zuri."

"Nitakununia kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili." Aliinamia mlango wa pembeni wa la majivu, akajikunja kuingia, akiguna. "Na Jumapili unakwenda wapi?"

Mwalimu alisita, ufunguo mkononi. "Kilimani. Asubuhi. Kama utapenda—"

"Sipendi. Nenda peke yako. Jumapili nataka nifagie nyumba yangu bila mtu kunisimamia nyuma akiniambia nianzie kona gani. Sasa tia sahihi, washa, nina njaa."